Fulana ya mia tatu: tuliyojifunza tukipeleka nguo na viatu vya watoto kwenye maduka makubwa ya Lubumbashi

Mnunuzi wa duka kubwa akikabidhiwa fulana ya mtoto, huigeuza ndani nje kabla hajaitazama mbele. Anavuta mshono wa bega, anapitisha kidole ndani ya shingo, anatafuta etiketi. Halafu anauliza swali ambalo mteja wa masoko yetu ya Lubumbashi, la mtaa wa Kenya au la Mzee Kabila, hana haja ya kuliuliza: "Papa, fulana ya mia tatu katika mzigo itakuwa sawa na hii?"

Karakana yetu ilihitaji karibu miaka miwili kulijibu swali hilo kwa ukweli. Tunaandika njia ilivyokwenda kwa ajili ya mafundi wa mitaa ya Katuba, Kamalondo, Ruashi na kwingineko ambao wameanza kushona majina yao wenyewe kwenye nguo na viatu vya watoto, na sasa wanayatazama maduka makubwa ya mjini.

Karatasi zinatangulia, maana bila hizo mazungumzo hayaanzi. Duka litadai namba ya RCCM (daftari la biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa) na namba ya kodi, na zote tatu hupitia Guichet unique, ofisi moja ya kuandikisha kampuni. Jina la RCCM, la akaunti ya benki na la fakitire (ankara) yawe yaleyale, herufi kwa herufi. Kwetu neno moja lilikosekana kwenye akaunti, na malipo ya kwanza yakakwama wiki tano wakati mafundi wanangoja mshahara. Jina lililoshonwa kwenye kola nalo lina karatasi yake: RCCM inaitambulisha kampuni, lakini alama ya biashara husajiliwa wizara ya Viwanda, chini ya sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Kongo si mwanachama wa OAPI, shirika la Afrika la hakimiliki za viwanda lenye makao Yaoundé, kwa hiyo usajili uliofanywa Yaoundé haukulindi hapa. Kama bado hujachapa etiketi elfu moja, sajili kwanza.

Baada ya karatasi vikaja vipimo, na hapo ndipo pesa zilianza kutoka. Fundi aliyezoea kumpima mtoto mwenyewe hana shida: mtoto yuko mbele yake. Dukani mama amemwacha mtoto nyumbani, ananunua kwa kukisia umri, na nguo ikimbana mtoto inarudi. Umri peke yake hautoshi. Tunafuata jedwali la Kifaransa linalojulikana madukani hapa, na tunaandika umri pamoja na urefu wa mwili: miaka 3 ni sentimita 96, miaka 4 ni 102, miaka 5 ni 108, miaka 6 ni 114, miaka 8 ni 126, miaka 10 ni 138, miaka 12 ni 150. Angalia hatua zake. Hadi miaka 6 hatua ni sentimita 6, na kuanzia hapo ni 12. Fundi akikuza patroni (kielelezo cha kukatia) kwa hatua moja kutoka mwanzo hadi mwisho, nguo ya miaka 10 itambana mtoto wa miaka 9.

Kichwa nacho kimewaponza wengi. Mtoto ana kichwa kikubwa kuliko mwili wake unavyodhaniwa: mtoto wa mwaka mmoja ana mzingo wa kama sentimita 46, na wa miaka 4 ana kama 50. Shingo ya fulana ya miaka 4 lazima ivutike hadi 54 bila uzi kukatika. Tulishona shingo nzuri sana kwa cherehani ya kawaida, mshono ulionyooka, na zikakatika siku ya kwanza kuvaliwa. Shingo ya kitambaa kinachovutika inataka ovaloki au zigizaga.

Vipimo vikikubalika, viandikwe kwenye karatasi moja pamoja na tofauti inayoruhusiwa: kifua na urefu sentimita 1 juu au chini, shingo nusu sentimita. Shona sampuli mbili zinazofanana, duka litie saini kwenye zote mbili, moja ibaki kwao na moja kwako ndani ya mfuko mweusi mahali pasipofika jua. Siku ya ubishi, mfuko huo ndio utakaokutetea.

Sasa kitambaa. Majora yetu mengi huingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na muuzaji akikuambia "ni bluu ileile" anasema kweli kadiri macho yake yanavyoona. Mzigo wetu wa kwanza ulikuwa fulana 300 kutoka majora manne. Nje kwenye jua zilikuwa sawa kabisa. Zilipotundikwa chini ya taa za duka, rafu ikaonyesha bluu mbili, moja ikielekea zambarau. Fulana 74 zilirudishwa siku ileile. Sababu yake inaeleweka. Kila pipa la rangi kiwandani huchanganywa upya, na michanganyiko miwili tofauti inaweza kuonekana sawa kwenye mwanga wa aina moja na kuachana kwenye mwanga mwingine. Tangu hapo kila jora hukatwa kipande cha kiganja, kikaandikwa namba, na vipande vyote hutazamwa pamoja kwenye jua la saa sita, chini ya taa nyeupe, na chini ya balbu ya manjano. Mikono, mgongo na kifua cha fulana moja vinatoka jora moja, na kila tabaka la meza ya kukatia linabandikwa namba yake kabla mkasi haujashuka.

Uzito wa kitambaa usiukubali kwa maneno. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwenye mizani ndogo ya sonara, zidisha gramu kwa 100. Kikitoa gramu 1.7, una kitambaa cha gramu 170 kwa mita ya mraba, na kwa fulana ya mtoto kati ya 160 na 180 panatosha. Chini ya 140 fulana inajipinda baada ya kufuliwa na mshono wa ubavu unahamia tumboni.

Kusinyaa kunapimwa hivi: chora mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika, fua mara tatu, anika kivulini, pima tena. Pamba ya fulana hupoteza asilimia 5 hadi 8 kwa urefu. Ikiwa 50 imekuwa 47, umepoteza asilimia 6, na fulana inayotakiwa kuwa na urefu wa sentimita 42 lazima ikatwe 44.7. Kabla ya kukata, fungua jora na uliache limelala saa 24. Kitambaa cha kuvutika hufungwa kikiwa kimenyooshwa, na kikikatwa papo hapo kinajikunja chenyewe usiku. Asubuhi ukubwa wa 8 umekuwa 6.

Kwa sare za shule kuna kipimo kimoja zaidi, kwa sababu sare yetu ni bluu na nyeupe na mama wengi wanafua vyote kwenye beseni moja. Shonea kipande cheupe juu ya kipande cha suruali ya bluu, viloweshe pamoja nusu saa kwenye maji ya moto wa kuoga yenye sabuni. Cheupe kikitoka na ukungu wa bluu, rudisha jora kabla hujalikata. Likishakatwa hakuna muuzaji atakayelipokea.

Kuhusu sindano, tafadhali soma polepole. Kitambaa cha fulana kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, namba 75 au 80. Ncha kali hukata uzi wa kitambaa badala ya kuusukuma kando, na matundu madogo hayaonekani karakanani, yanatokea mama akishafua. Lakini hatari kubwa ni sindano iliyovunjika. Ikivunjika, cherehani inasimama. Fundi anakusanya vipande juu ya karatasi nyeupe, anavipanga hadi sindano iwe nzima, na vinabandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye daftari pamoja na tarehe na namba ya nguo. Kipande kikikosekana, sumaku inapitishwa mezani, sakafuni, na ndani ya kila nguo iliyokuwa karibu. Kisipopatikana, nguo zote za bunda hilo haziendi dukani. Siku moja tulipoteza hivyo suruali 11, na fundi mmoja alilia kwa sababu hesabu yake ya siku ilikwisha. Tulimlipa siku nzima. Fundi akiogopa kukatwa pesa ataificha sindano, na ncha yake itaingia kwenye paja la mtoto wa mtu.

Vifungo vya kubonyeza vya watoto wachanga hupimwa kwa nguvu ya niutoni 90 kwa sekunde 10, yaani kama kilo 9 zikining'inia kwenye mizani ya ndoano. Kifungo kinachong'oka kinaishia mdomoni. Kwenye kitambaa chepesi hakishiki peke yake, weka kipande cha kitambaa kigumu katikati ya tabaka mbili. Na kamba za kofia ya sweta, zile za kuvuta shingoni, tumeziacha kabisa. Kanuni ya Ulaya EN 14682 inazikataza shingoni na kwenye kofia kwa watoto chini ya miaka 7, kwa sababu kamba hukamatwa na mlango wa gari au bembea. Duka linaloagiza bidhaa nyingine Ulaya au Afrika Kusini litakuuliza.

Viatu vilitufundisha kwa ukali zaidi kuliko nguo, na kosa letu lilikuwa gundi. Mzigo wa viatu vya shule, jozi 120, ulitoka karakanani ukiwa mzuri, soli imekaa sawasawa. Baada ya wiki sita mama mmoja alirudisha kiatu: ukivuta soli kwa kidole gumba, ilifunguka kama ganda la ndizi, na gundi ya manjano ilibaki laini na yenye kunata upande wa soli. Soli zile zilikuwa PVC, aina ya plastiki. Ndani ya PVC kuna mafuta ya kuilainisha, nayo hupanda polepole hadi kwenye gundi ya neoprini, ile ya manjano ya kila siku, na kuiyeyusha. Ukiongeza gundi hiyohiyo unaongeza kosa. PVC inataka gundi ya poliurethani, soli ikiwa imefutwa kwanza kwa kiyeyusho chake. Soli ya TPR (plastiki inayofanana na mpira) au ya mpira inataka praima ya klorini, yaani dawa ya kupaka kabla ya gundi, na EVA, soli nyepesi ya povu, ina praima yake. Kabla ya kununua soli muulize muuzaji ni ya nini, na kama hajui, nunua jozi mbili tu ukajaribu.

Ngozi nayo lazima ikwaruzwe kwa brashi ya waya pale soli itakaposhika, hadi ule uso unaong'aa uondoke na nyuzi zionekane. Paka pande zote mbili, ngoja ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ipashe moto hadi nyuzi 60 au 70, gandamiza sekunde 10 hadi 15, kisha kiatu kilale saa 24 kabla ya kuingia kwenye sanduku. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, kuna adui mwingine. Kiyeyusho kikipaa kinapoza uso wa gundi, unyevu wa hewa unatua juu yake kama ukungu, na viungo vinashika nusunusu. Tunafunga madirisha na kupasha chumba kwa taa. Ndiyo, ni gharama ya umeme, na SNEL, shirika la umeme, ikikata ni gharama ya jenereta. Iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Namba ya kiatu iwekwe kwa hesabu, usiikisie. Namba moja ya Kifaransa ni theluthi mbili za sentimita, na inapima kalibu, lile umbo la mguu linaloshonewa kiatu. Mguu wa milimita 170, ongeza 12 za nafasi ya vidole na kukua, unapata 182. Gawanya kwa 6.67, inatoka 27.3. Hiyo ni namba 27, ambayo kalibu yake ni milimita 180. Karakana nyingi hununua kalibu za aina mbili kutoka kwa wauzaji wawili, na 27 ya huyu ni 28 ya yule. Pima kila kalibu kwa rula siku unayoinunua.

Duka likikubali, litataka msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashini ya keshia. Fulana moja yenye rangi 3 na ukubwa 5 inahitaji namba 15, kila moja yake. Kuna duka litakalokupa namba zake zinazoanza na 2: hizo ni za matumizi ya ndani na hazina maana kwenye duka lingine, kwa hiyo ukilenga maduka zaidi ya moja tafuta namba zako za GS1, shirika linalotoa namba za msimbopau. Msimbo wa EAN-13, ule wa tarakimu 13, una kipimo cha kawaida cha milimita 37 kwa 26, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, si chini. Usichape mistari kwa rangi nyekundu hata kama ndiyo rangi ya nembo yako. Mashini ya keshia humulika kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu inatoweka mbele yake kana kwamba ni karatasi tupu. Tulichapa etiketi 600 hivyo. Zote zilitupwa.

Bei sasa, na hapa tunaomba mtu achukue kalamu. Tuseme fulana itauzwa dola 12 kwenye rafu. Ndani yake kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, gawanya 12 kwa 1.16, inabaki 10.34. Mnunuzi anasema duka linafanya kazi kwa faida ya asilimia 40. Fundi anasikia kwamba duka litaongeza 40 juu ya bei yake, anagawanya 10.34 kwa 1.4, anapata 7.39 na anafurahi. Duka linamaanisha asilimia 40 ya 10.34 ni yake, na karakana itapata 6.21. Tofauti ni dola 1.18 kwa fulana. Kwa fulana 300 ni zaidi ya dola 350, na kwetu ilikuwa faida yote ya mzigo. Uliza kwa maneno haya: "Mtanilipa dola ngapi kwa kipande, bila TVA?" Jibu liwe namba moja, na liandikwe.

Uliza pia kama wananunua kabisa au wanapokea kwa kuuza halafu kulipa. Njia ya pili inakuachia hasara ya nguo zilizochafuka. Na vumbi jekundu la Lubumbashi kwenye fulana nyeupe iliyojaribiwa na watoto ishirini si jambo dogo. Tukikubali njia hiyo, tunataka hesabu ya stoki kila mwisho wa mwezi yenye saini mbili. Malipo ya siku 60 yahesabiwe kuanzia siku mzigo ulipopokelewa, na fakitire iseme: ikiwa ni dola lakini watalipa faranga, ni kwa kiwango cha siku gani. Siku 60 zina maana kwamba utanunua kitambaa cha oda ya pili kabla hujaona pesa ya kwanza. Kipande kikikugharimu dola 4.50, oda mbili za 300 ni dola 2,700 zilizolala nje. Mama mwenye duka la kitambaa aliyetukopesha majora mawili ndiye aliyetuokoa, na bila yeye tungeshindwa kupeleka oda ya pili.

Tarehe hazibembelezeki. Shule zinaanza Septemba, duka linataka sare na viatu mwisho wa Julai, na uamuzi wa nani atapeleka unafanyika Aprili. Nguo za Noeli na Bonane (Mwaka Mpya) ziwe rafuni katikati ya Novemba, kwa hiyo sampuli ionekane Agosti. Sweta zinauzika Juni na Julai, baridi ikishika. Ukipeleka Agosti zitakaa hadi mwaka ujao.

Kabla mzigo haujatoka tunaukagua kama mnunuzi atakavyoukagua. Kwa mzigo wa vipande 281 hadi 500, kanuni ya kawaida ya AQL 2.5 (kiwango cha kasoro kinachokubalika) inachukua vipande 50 bila kuchagua, kutoka katoni mbalimbali, za chini pia. Kasoro 3 mzigo unapita, 4 unarudi mezani wote. Mwanzoni mkaguzi alikuwa fundi aliyeshona. Sasa ni mtu ambaye hajagusa oda hiyo.

Oda ya kwanza tuliipakia sawasawa, ukubwa wote kwa idadi moja. Baada ya miezi mitatu tuliomba duka mauzo kwa kila ukubwa, karatasi ambayo hawatoi usipoiomba: miaka 4 na 6 zilikwisha wiki ya tatu, 12 zilikuwa karibu zote zipo, kwa sababu mtoto wa miaka 12 anachagua mwenyewe na anataka nguo ya wakubwa. Oda ya pili kila dazani ilipangwa hivi: miaka 4 tatu, miaka 6 nne, miaka 8 tatu, miaka 10 moja, miaka 12 moja. Katoni 25 zilipokelewa bila kurudishwa kipande, na mnunuzi alizifungua tatu tu.